Bolti Yenye Nukta ya Waridi

Lonnie Faircloth alikuwa anakula mayai ya mtu mwingine aliposikia habari ya bolti.

Mayai yalikuwa ya Royce Tadlock. Lonnie alikuwa ametoka kumsimulia jinsi mama yake mzazi alivyokata roho, na Royce, mwenye shingo nene na moyo wa siagi, hakuweza kumwacha yatima na njaa. Mama huyo alikuwa na tabia ya kufa. Alishakufa Lubbock, akafa tena Plainview, na asubuhi hiyo alikuwa amefia kwenye mkahawa wa Mulkey, katikati ya chupa ya pilipili na bakuli la mchuzi mweupe. Mungu amrehemu, popote alipo. Nasikia yuko hai na anafuga mbuzi.

"Brannock wametangaza tena," Royce akasema. "Eti turudishe magari."

Mulkey ni mji wa pikapu za Brannock, zile kubwa za dizeli zenye magurudumu mawili mawili nyuma, ambazo ukiegesha moja mbele ya kanisa, kanisa linaonekana kibanda. Kampuni ilikuwa imeziita zote zirudi karakana. Kuna bolti kwenye usukani, haizidi kidole gumba, ambayo huweza kulegea siku yoyote ikijisikia. Ikilegea, wewe unakata kulia na gari linaendelea na mipango yake. Matengenezo ni bure. Unapeleka gari karakana yao mjini Amarillo, unakunywa kahawa yao mbaya, wanakubadilishia bolti, unarudi nyumbani.

"Bure?" Lonnie akauliza, uma ukiwa hewani.

"Bure kabisa."

"Na mmeshapeleka?"

Mkahawa mzima ukacheka. Royce akamwinamia sikioni na kunong'ona kwa sauti iliyofika hadi jikoni. "Kijana, mimi lile chujio la moshi nimeling'oa."

Huo ndio ugonjwa wa wanaume wetu. Wananunua gari kwa bei ya nyumba, kisha wanang'oa chujio la ekzosi na kuidanganya kompyuta yake, ili gari lingurume na kutema moshi mweusi kama tairi linaloungua. Sheria inakataza. Ukiwauliza kwa nini wanafanya hivyo, watakwambia gari linapata nguvu. Nguvu za kwenda wapi hawasemi. Mji wenyewe una taa moja ya barabarani. Kwa hiyo wote walikuwa na hofu moja: wakifika Amarillo, mafundi watachomeka waya wao, kompyuta itatapika siri zote, na serikali itabisha hodi.

"Nipeleke gari langu wakalipekue?" Royce akasema. "Heri nimpeleke mke wangu."

"Mpeleke," akasema mama wa mkahawa huku akimmiminia kahawa. "Angalau atapumzika."

Lonnie akaweka uma chini taratibu. Mtu mwenye kipaji kidogo angeona mji uliojaa watu walio hatarini. Yeye aliona mji uliojaa watu wenye tatizo la kweli, wasiothubutu kwenda linakotatuliwa bure, na ambao wakitapeliwa hawana wa kumshitakia. Alihisi kama mtu aliyekuta kuku wamejinyonyoa wenyewe.

Juma lililofuata alirudi na shati la bluu lililodariziwa kifuani: BRANNOCK, HUDUMA YA NYUMBANI. Alilidarizi mwenyewe, na si vibaya. Angekuwa mtu mwaminifu angekuwa fundi cherehani mzuri.

"Mimi siji na kompyuta," aliwaambia wanaume. "Nakuja na spana. Sioni chujio, siulizi chujio. Nikiulizwa, sijui hata neno lenyewe."

Kazi ilikuwa nzuri kuitazama. Lonnie alilala chali, akajisukuma chini ya gari, akaguna. Akagonga chuma. Akaimba ubeti wa wimbo wa kanisani. Akasema "Lo!" kwa sauti ya daktari aliyeona jambo. Alipotoka, kwenye bolti kulikuwa na nukta ya rangi ya waridi inayong'aa. Mafundi wa kweli hufanya hivyo hivyo, hupiga nukta ya rangi kwenye bolti waliyoibadilisha ili ijulikane. Lonnie aliruka tu ile sehemu ya kubadilisha.

"Unanidai nini?" Royce akamuuliza.

"Hela? Astaghafiru, kaka Royce! Kampuni hairuhusu." Akafuta mikono. "Zawadi ndiyo hawajakataza."

Basi gari la Lonnie, basi dogo bovu la rangi ya kijivu, likaanza kujaa zawadi. Vidari vya ng'ombe vilivyookwa kwa moshi mpaka vinatetemeka. Tandiko la farasi. Buti za ngozi ya mbuni. Msumeno wa injini. Kitambaa cha kitanda alichoshona mama mkwe wa mtu, kilichotolewa kwa furaha isiyo ya kawaida.

Na nukta ikawa fahari. Jumapili baada ya ibada ungewakuta wanaume wazima, suti zao mwilini, wamelala chali kwenye changarawe za kanisa wakichungulia magari ya wenzao.

"Yako ndogo."

"Ndogo lakini imekolea. Yako imechuruzika."

"Imechuruzika kwa sababu bolti yangu ni kubwa."

Royce alimwomba Lonnie ampigie nukta ya pili. Lonnie alimwambia hilo linahitaji kidari kingine.

Sasa kulikuwa na mjane mmoja, Nelda Stovall, mwenye saluni ya kukokotwa. Ni trela lenye kiti kimoja, sinki moja na mashine mbili za kukaushia nywele, na alilivuta kwa Brannock nyeupe aliyoachiwa na marehemu mumewe, kutoka ranchi moja hadi nyingine, akiwatengeneza wanawake wasio na muda wa kuja mjini. Gari lile ndilo lililomlisha. Bila gari, saluni ni bati tu lililokaa uwanjani, na Nelda angelazimika kuhamia Houston kwa binti yake, akalale chumba kimoja na mbwa mwenye pumu. Binti alishaanza kupaka chumba rangi.

Nelda ndiye aliyemuuzia Lonnie kichupa cha rangi ya kucha. Lonnie alimwambia ni ya dada yake.

Siku moja alienda kwa miguu kumseti nywele mke wa Royce, kisha akapita nyuma ya nyumba, akalala chali chini ya gari la Royce na viatu vyake vya kazi, akatazama juu. Akaitambua rangi yake kama mtu anavyomtambua mwanawe kwenye foleni ya shule. Akaigusa ile bolti kwa kidole. Ikacheza.

Hakupiga kelele. Alijikung'uta, akaenda nyumbani, akapika maharage, akafikiri. Gari lake yeye halikung'olewa chochote. Marehemu alikuwa na kifua kibaya na aliuogopa moshi. Kwa hiyo alishapiga simu Amarillo mapema, kama mtu mwenye akili. Nao wakamwambia: usiliendeshe, mama, bolti za mwaka huo ndizo mbaya kuliko zote, subiri gari la kuvuta. Na gari la kuvuta lini? Baada ya Krismasi, Mungu akipenda.

Baada ya Krismasi Nelda angekuwa Houston na mbwa.

Lonnie mwenyewe ndiye aliyebisha hodi. Alikuwa ameliona lile gari jeupe likimetameta kivulini, halina mkwaruzo. Upande wa New Mexico, jimbo la jirani, alikuwa na rafiki anayenunua magari ya namna ile na hana udadisi.

"Mama Stovall," akasema, kofia kifuani, "nina habari mbaya. Hili lako nukta haitoshi. Hili ni la kufa mtu."

"Ee Mungu wangu!"

"Lazima lifike Amarillo. Ningekushauri usiliguse kabisa. Nipe ufunguo, nilipeleke mwenyewe."

Nelda akamtazama kwa macho yaliyojaa machozi. Alikuwa amekata vitunguu, lakini Lonnie hakujua. "Mwanangu, wewe umeletwa. Nimetafuta mtu wa kulipeleka hilo gari mpaka nimechoka. Kila mmoja ananiambia, Nelda, mimi nina watoto."

"Mimi sina watoto, mama."

"Na mama yako je?"

"Amefariki."

"Maskini. Lini?"

Lonnie akababaika kidogo. "Huwa... inaniuma kusema."

"Basi usiseme. Ila kuna jambo moja tu, mwanangu. Hapa kwetu mtu hachukui gari la mwenzie bila kuacha lake. Majirani watasemaje? Wataona sina kitu uwanjani, watadhani nimeuza, watanililia."

Lonnie akalitazama basi lake. Lilikuwa limejaa nyama, buti na matandiko. Akalitazama lile jeupe. Ukiweka mabasi kumi kama lile juu ya mzani, halafu ukapanda wewe mwenyewe juu yao, bado Brannock ingezidi. Akatoa ufunguo.

"Na kidari kimoja kati ya hivyo vilivyomo," Nelda akauliza kwa aibu, "nikionja?"

"Kula, mama. Jisikie nyumbani."

Alipoondoka tu, Nelda akapiga simu kwa Cantu, askari wa sherifu. "Cantu, kuna kijana mwenye roho nzuri ananipelekea gari bovu Amarillo. Mfuate nyuma, mwanangu, uwashe taa zako, asije mtu akamgonga. Usimpite. Usimsimamishe. Kaa tu nyuma yake."

Cantu alikuwa kijana mtiifu, na Nelda ndiye aliyemkata nywele za kwanza maishani. Akaenda.

Lonnie alitoka mjini akipiga mluzi. Mpango ulikuwa mwepesi: unanyoosha hadi kwenye njia panda ya kiwanda cha kuchambulia pamba, unakata kushoto, unaingia New Mexico. Kisha akatazama kioo na kuona taa nyekundu na za bluu.

Mluzi ukafa. Akapunguza mwendo, zile taa nazo zikapunguza. Akasogea pembeni kidogo, zikasogea. Hazikumpita, hazikupiga king'ora, zilimfuata tu kama dhamiri ya mtu mwingine.

Ndipo gari likasema, "Habari za asubuhi!"

Lonnie akapiga yowe ambalo sitaliandika.

"Ni Marisol, wa karakana ya Amarillo," ikaendelea sauti, tamu, kutoka kwenye spika. "Wewe ndiye dereva wa Mama Stovall? Ametuambia hajapata kuona kijana mwenye roho nzuri kama yako."

"Mnanionaje?"

"Hatukuoni. Gari ndilo linatuambia liko wapi. Uko karibu na kiwanda cha pamba, sivyo?"

Njia panda ilikuwa imefika. Sasa au kamwe. Lonnie akauma meno, akakata kushoto kwa nguvu zote za mtu aliyekwisha kuzoea kuhama miji. Usukani ukazunguka mikononi mwake mwepesi, kama mfuniko wa sufuria. Akauzungusha tena. Ukazunguka tena. Gari likaendelea mbele kwa utulivu mkubwa, likaipita New Mexico bila hata kuitupia jicho.

"Hiyo bolti!" Lonnie akalia. "Ni mbovu kweli!"

"Ndiyo, kaka, tumetangaza," Marisol akasema. "Umejaribu kukata kona?"

"Kidogo tu!"

"Usikate kona, tafadhali. Barabara hiyo imenyooka mpaka mlangoni kwetu. Shika usukani katikati, mwendo wa ng'ombe, wala usikanyage breki kwa hasira. Unaweza kusali?"

Aliweza. Ilibainika kwamba alizijua sala nyingi, na nyimbo alizokuwa akiimba chini ya magari ya watu alizijua hadi beti za mwisho. Alimwomba msamaha mama yake kwa kumwua mara nyingi hivyo. Mashine ya kuvunia pamba ikampita. Dereva wake, mzee wa makamo, akainua kidole kimoja kumsalimu kama ilivyo desturi, na Lonnie hakuthubutu kuachia hata kucha.

Kisha likampita basi lake mwenyewe la kijivu, Nelda akiwa kwenye usukani. Milango ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa kamba, na ndani hamkuwa na kitu. Nelda alikuwa amepitia kanisani, akapiga honi, na kila mtu akachukua chake. Wengine walichukua na visivyokuwa vyao, lakini tusiwaseme. Kile kitambaa cha kitanda peke yake kilikosa wa kukidai, na sasa kilikuwa magotini mwa Nelda kikimkinga baridi.

Amarillo mafundi walimpokea barabarani, wakalisukuma gari kwa mikono hadi ndani. Lonnie alishuka, akakaa chini palepale sakafuni. Fundi mkuu akaingia chini ya gari na kutoka mara moja, bolti kiganjani.

"Sikutumia spana," akasema. "Imetoka yenyewe, kama jino la mtoto."

Lonnie akaitazama ile bolti. Akawakumbuka wote aliowapigia nukta. Rangi ikamtoka usoni, naye hakuwa na ya kujipaka.

Nelda alikuwa ameketi kwenye viti vya wateja na donati mkononi, Cantu pembeni yake na mbili. Wakamsubiri ainuke.

"Umenilaghai, mama," Lonnie akasema.

"Mimi? Ulisema utalipeleka Amarillo, umelipeleka Amarillo. Nani amedanganya hapo?" Akatoa kichupa kwenye mkoba. "Na hii rangi, dada yako aliipendaje?"

"Mama, naweza kueleza."

"Najua unaweza. Ndiyo maana nakutaka." Akafuta sukari mdomoni. "Huko nyumbani kuna wanaume wapumbavu wanaoendesha kifo kilichopakwa rangi yangu ya kucha. Mmoja wao akifa, mimi ndiye nitakayemseti nywele mjane wake, na sitaweza kumtazama kwenye kioo. Utawaleta hapa wote. Mpaka wa mwisho."

"Lakini wanaogopa kompyuta!"

"Kompyuta ya nini?" fundi mkuu akauliza. "Hii ni bolti. Ni chuma na spana. Sina muda wa kuangalia ekzosi ya mtu."

"Na nikikataa?"

Cantu akameza donati. "Mimi nina chumba. Hakina dirisha, ila kina joto. Na basi lako litakaa nyuma ya ofisi yetu mpaka Mama Nelda aseme."

Kwa hiyo Lonnie Faircloth alirudi Mulkey, na kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu akawaambia watu ukweli. Alisimama mkahawani, kofia mkononi, akakiri kila kitu. Nukta ni rangi ya kucha. Bolti ni mbovu. Amarillo wanatengeneza, ni bure, hawatagusa kompyuta.

Wakamwangalia.

"Bure," Royce akasema. "Mtu anakupa kitu bure."

"Bure kabisa, kaka Royce. Nakuapia kwa jina la mama yangu."

"Yupi?"

Wakamtupa nje. Akaenda nyumba kwa nyumba. Alipokuwa akiuza uwongo walimpa kidari na chai ya baridi. Sasa aligawa ukweli na wakamfungulia mbwa. Mmoja alimwambia usoni kwamba tapeli wa kweli angekuja na hadithi yenye akili zaidi. Waliilinda ile nukta ya waridi kuliko mwanzo, maana mtu aliyeitoa alikuwa anataka kuwanyang'anya, kwa hiyo lazima ilikuwa na thamani. Nelda alisema hajapata kuona mtu akihangaika hivyo kwa kusema kweli, na akamwongezea maharage.

Asubuhi moja Lonnie aliamka ameelewa. Akalivaa tena shati lake la bluu, akaifumua ile darizi ya Brannock, akainua kola. Akamngoja Royce nyuma ya duka la mbegu.

"Usinigeukie," akanong'ona. "Tazama mbele."

Royce akatazama mbele. "Unataka nini, mwizi wewe?"

"Nina mtu Amarillo. Ndani kwa ndani. Anazo bolti ambazo hazitakiwi kutoka karakana. Bosi wake akijua, ameisha."

Royce akatupa jicho kushoto, akatupa jicho kulia. "Bolti zenyewe?"

"Zenyewe. Anafunga bila kuandika chochote. Lakini huingii mlango wa mbele. Unazunguka nyuma, unazima taa, unapiga honi fupi, unasema umetumwa na Mama. Na usimwambie mtu."

"Sasa mimi nimwambie nani!" Royce akasema, akaondoka karibu akimbie kwenda kuwaambia.

Wakaja wote. Mafundi walipaswa kufungua geti la nyuma ambalo halijafunguliwa tangu lijengwe. Foleni ya Brannock ilizunguka jengo zima, taa zimezimwa mchana kweupe, wanaume wameshusha kofia hadi puani, kila mmoja akijifanya hamjui jirani yake wa miaka yote. Walifungiwa bolti mpya, wakapeana mikono na mafundi kwa siri kubwa, na kutoka wakitembea kwa ncha za viatu. Na upande wa mbele Marisol alikaa peke yake mezani pake, mlango uko wazi, bango kubwa juu ya kichwa chake limeandikwa BURE, akasubiri mpaka jioni na hakuingia mtu.